Sauti Yangu na Dawa ya Bilulu

Siku hizi mu Kolwezi ukifungula redio asubui, unasikia pasta anafukuza shetani. Unageuza kidogo, unasikia pasta mwingine anamufukuza ule shetani wa kwanza, juu alikimbilia kwake. Unageuza tena: kijana anapiga kelele juu ya telefone, juu ya bia, juu ya sabuni, hapumuzike hata mara moja. Muziki ya zamani, ile ya gitaa tatu na saksofoni, ile wazazi betu balikuwa banachezaka mukono ku mukono bila kutoka jasho, hakuna. Mi nakasirika. Nakasirika mubaya, mupaka chai inapoa. Nabaambia batu ku barza: redio ilikufa, redio ya zamani njo ilikuwa redio!

Batu banaitika na kichwa. Habajue kama uyu anayelia ku matanga ya redio alikuwa mumoja wa bale balichimba kaburi. Acha niseme. Niko muzee sasa, na haya yangu ilishapungua sawa meno.

Masomo yangu iliishia mu mwaka wa tatu ya secondaire. Mwalimu wa hesabu aliniambia kama kichwa yangu ni sawa ngoma: inatoa sauti kubwa juu ndani hamuna kitu. Nilikasirika, lakini ile ngoma njo ilinipatia kazi. Nilikuwa nauzisha manguo ya kuvaliwa ku soko, naita batu na mudomo tu: "Mama, kuya! Suruali ya Bulaya! Mwenyewe alikufa, lakini suruali iko muzima!" Siku moja mwenye boulangerie moja ya muji, fasi banapikaka mukate, alipita, alisimama, alicheka mupaka alishika tumbo. Alikuwa amefungula redio kidogo nyuma ya depo yake ya unga. Alisema: "We uko na mudomo. Kuya."

Studio ilikuwa chumba kimoja, makarto ya mayai ku kipupa, ku ukuta yote, juu sauti isirudi, mikro moja, mashini moja ya diski, na harufu ya mukate ya moto yenye kufanya mutu aseme haraka ili atoke. Siku ya kwanza nilitaka kusalimia basikilizi na Kifaransa, sawa bakubwa. Kusema "chers auditeurs". Mudomo yangu ilisema "chers adultères". Bazinzi bangu bapenzi! Mubaba mumoja wa ku kanisa alikuya mbio ku depo, anatoka jasho, anauliza nani alimusemea.

Siku ya yenga, jumapili, kisha misa, njo kulikuwa emisio yangu: masaa mbili mizima ya muziki ya zamani. Lakini redio haikuwa na diski hata moja. Madiski ilikuwa ya tata mumoja, muzee jirani yangu, klark wa zamani wa kampani ya mugodi. Baba yake, bazungu balimutosha Kasai kuya kutumika ku shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, alisoma hapa, alioa hapa, na Kiswahili yake ilikuwa muzuri kupita yangu. Alikuwa nayo makesi tatu. Kukopesha? Hapana. Alikuwa anaileta ye mwenyewe, na kravati ku shingo, sawa anaenda ku ndoa. Anapangusa diski na kitambaa, anapuliza vumbi ya Kingamyambo, kule mugodi inamwangaka bichafu byake, ile inaingiaka mupaka mu chumvi, kisha anaiweka polepole. Mi kazi yangu ilikuwa kuangalia.

"Tata, nikusaidie kuweka ii?"

"Mwana, ondoa mukono. We sema tu."

Njo nilisema. Tata ananinongonea mu sikio: "Ule wa tarumbeta alikuwa amegombana na mwenye kuimba. Sikia vile anamukatia maneno." Na mi mu mikro, na sauti ya mutu alisoma Bulaya: "Bapenzi basikilizi, mukumbuke kama ule wa tarumbeta alikuwa amegombana..." Barua zilikuwa zinafika na treni toka Kasaji: "Kwa bwana profesa wa muziki." Profesa! Nilikuwa nazisoma kwa sauti kubwa mbele ya tata. Hakusema hata siku moja "ni mi nilikuambia". Alikuwa anacheka tu, anapangusa diski.

Patron, ule wa boulangerie, naye alikuwa anataka piblisite, matangazo ya kulipwa, juu redio ya biashara haikule muziki. Mufanyabiashara mumoja alikuya na dawa ya bilulu. Kwetu bilulu ni bidudu byote bya mu nyumba: mende, kunguni, sisimizi, byote binalala kwako bila kuomba ruhusa. Patron alisema: "Fanya kitu batu habatasahau." Mungu wangu, nilifanya. Niligonga ku meza: ko-ko-ko! Kisha na sauti nzito: "Bilulu! Mwenye nyumba anafika! Mu kabati, mutoke! Mu kitanda, mutoke! Mulikula sana, mutoke!" Na mwisho nilikohoa kidogo, haikuwa kwa kupenda, ni vumbi. Nilitaka kurudilia. Patron alikataa, alisema kukohoa inaonyesha dawa iko na nguvu. Tuliiweka mu kaseti.

Muji yote iliishika. Batoto banaiimba bakitoka ku masomo. Ku soko bamama bananisalimia "Mulikula sana!" na mi naitika "Mutoke!" Nilikuwa natembea kifua mbele sawa jogoo alishinda uchaguzi. Hata leo nikisema ukweli, mu maisha yangu yote sikufanya kazi ingine ilifaulu vile.

Kisha mambo iligeuka. Kampani ilianza kukufa kidogo kidogo: mashini inasimama, posho inachelewa, kisha haikuye kabisa. Na mutu akiwa na njaa anatafuta nani alikula. Ku mikutano, bakubwa ba siasa balisema bale ba Kasai njo balikula, barudi kwabo. Habakubaita batu tena. Balibaita bilulu.

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia, kazi yangu ilikuwa ya masikio. Lakini nilijiambia: bilulu ya siasa ni bilulu ya siasa, na bilulu yangu mi ni ya dawa. Njo akili ya mwaka wa tatu ya secondaire.

Siku moja ya posho, njo jumamosi, asubui, niko mu lupango, inje ya nyumba yangu, napiga mswaki. Nasikia ku mulango ya tata: ko-ko-ko! Na bavijana, pengine kumi, pengine makumi mbili: "Bilulu! Mwenye nyumba anafika! Mu kabati, mutoke! Mu kitanda, mutoke!" Yote, neno kwa neno. Na ku mwisho, bote pamoja, balikohoa.

Balikuwa bamejifunza mupaka vumbi ya mu koo yangu.

Bibi yangu alitoka mu kikoni, mikono na unga.

"Baba ya batoto, unasikia kazi yako?"

Mi, na povu mu mudomo: "Ile ni piblisite ya dawa."

"Ah bon. Enda basi ubaambie ni ya dawa."

"Niko napiga mswaki."

"Tema."

Sikutema. Nilibakia pale, povu inashuka ku kidevu sawa mbwa mugonjwa, mupaka bale bavijana balienda. Mudomo ya muji muzima, siku ile moja batu balikuwa na haja nayo, nilisema iko na kazi ingine.

Kesho yake, siku ya yenga, nilifikiri tata hatakuya. Alikuya. Kravati ku shingo, makesi tatu ku pusupusu, mukokoteni ya kusukuma. Aliniomba jambo moja tu, na heshima, sawa mi njo nilikuwa mukubwa wake:

"Mwana, leo ile ya dawa isipite kati ya madiski yangu."

"Tata, unajua, ni patron..."

"Sikumuomba patron. Kifungo iko mbele yako we."

Nilikimbia ku boulangerie kumuona patron. Alikuwa anahesabu magunia ya unga. Alisema: "Mwenye dawa alioa dada yangu. Unataka dada yangu arudi kwangu? Ipite."

Nilirudi nikifikiri, na mayele, ujanja, nilipata. Nani kama miye! Saa ilipofika niliipitisha, lakini nilipunguza sauti. Polepole kabisa. Nilibafukuza batu na adabu.

Tata alisimama. Alitosha diski, aliipangusa, aliirudisha mu kifuniko yake, alifunga kesi. Hakunitukana, hakupiga mulango. Kama angepiga mulango ningepata hata kitu cha kukasirikia. Nilibakia na saa moja na nusu mbele yangu, mikro wazi, bila diski. Basi niliimba. Eeh, miye. Maneno niliyoisahau niliweka ya kanisa. Gitaa nilifanya na mudomo, saksofoni na pua. Batu balifikiri ni muchezo, balikuya kujaa ku mulango ya depo kuona, balicheka mupaka machozi. Na mi machozi nilikuwa nayo, lakini ya kwangu ilitoka ku upande ingine.

Kisha juma moja tata na jamaa yake balikuwa ku gare, na bengine bengi bale balifukuzwa, banangoja treni ya kupita Tenke kuelekea Kasai, fasi bengi babo habakuiona na macho hata siku moja. Balikuwa banapikia pale, banafua pale. Matela, masufuria, kuku mu kitunga. Nilienda na kinga yangu, baskeli, muchana, juu batu bote banione kama niko mutu muzuri. Tata alikuwa amekaa juu ya makesi.

"Tata, nilikuya."

"Naona."

"Nilikuya juu ya ile mambo. Na tena, kama inawezekana, juu treni inatikisa sana, inaweza kubunja madiski..."

Aliniangalia.

"Mwana, unataka rehema ao unataka madiski? Chagula moja."

Nilipashwa kujibu pale pale. Mutoto wa primaire angejibu. Lakini mi nilifikiri. Nilifikiri emisio, nilifikiri barua za Kasaji, ule "bwana profesa". Haikupita muda wa kupumua mara mbili, lakini tata alikuwa mutu wa muziki, alisikia kile kimya.

"Aya," alisema. "Ulishajibu."

"Rehema, tata! Rehema njo nataka!"

"Ile si mi wa kukupatia. Siku ile mi nilikuwa mu chumba ya nyuma. Mwenye alikuwa ku mulango na batoto mugongoni eko pale."

Alinionyesha bibi yake. Mama alikuwa anachagula maharagi mu lungo. Nilipiga goti.

"Mama, ni miye."

Hakuinua macho.

"Najua. Sauti yako naijua kupita ya bwana yangu. Sema kitu kingine."

"Mama?"

"Nikifunga macho nasikia ile tu. Sasa tunaenda nayo mu masikio mupaka Kasai? Sema kitu kingine, tubebe ile."

Basi nilisimama, juu sijuake kusema nikipiga magoti, na nilianza kutuma salamu, sawa banafanyaka ku redio. "Mama wa maharagi anamusalimia bwana yake juu ya kesi, anamwambia afungule kravati, joto iko mingi. Mama wa pembeni anasalimia kuku yake, anamuomba asikimbie mbele ya Tenke..." Bengine balicheka. Kijana mumoja alinitupia kigunzi ya muhindi ku kichwa, na haki alikuwa nayo. Niliendelea. Kidogo kidogo batu balianza kuniletea: "Sema, mi namusalimia dada yangu, alibakia kwa bwana wake Kasaji." "Mi nasalimia nyumba yangu." "Mi nasalimia muti yangu ya avoka, mwaka huu njo ilipashwa kuzaa." Nilisema yote, mupaka koo ilikauka na sauti ilibakia sawa ya chura.

Mama alimaliza maharagi yake.

"Sauti ni muzuri," alisema. "Kichwa njo hakuna."

Ile tu. Nilishaigeuza miaka mingi kutafuta kama rehema ilikuwa mule ndani. Sikuipata.

Asubui yake nilienda kwa patron. Nilimwambia sawa mwanaume, mara ya kwanza mu maisha yangu: ile ya dawa, mi siisemi tena. Patron alikuwa anakula mukate na chai.

"Na nani alikuomba useme? Iko mu kaseti."

Nilianza kupiga kelele. Alinifukuza mbele ya kumaliza chai. Masaa yangu ya siku ya yenga alimupatia pasta mumoja, wa kwanza ku redio mu muji yetu, mutu mupole, hakuwa na haja ya diski. Njo vile ilianza, na mi leo nauliza batu ku barza nani aliharibu redio.

Mi nilitoka ku kazi, lakini sauti yangu haikutoka. Kila siku, saa ya chakula ya muchana, kaseti inapita. Treni ilishaenda, mama na tata balishaenda, na mi niko ku meza najisikia mule mu redio, kijana, na furaha mingi, nafukuza batu habako tena. Nilitaka kuzima. Bibi yangu alikataa: "Acha. Sikiliza kazi yako." Batoto banakula, banaangalia sahani.

Siku moja nilishindwa. Nilikamata sahani yangu, nilisimama, nilisema naenda kumalizia kwa jirani, kule kuko kimya.

Bibi yangu aliuliza: "Jirani gani?"