Mifereji ya Shimo la Nne

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila mvua inapoanza kugonga mabati yangu, mwanangu, na jana ulinikumbusha hata kabla mvua haijaja. Uliingia hapa na kompyuta yako kwapani, ukaniwekea mezani picha za viwanja viwili vya gofu, kimoja cha ng'ambo na kingine hiki chetu cha kilimani ambacho ofisi yenu inataka kukifufua. Ukaniuliza: "Maman, kati ya haya mashimo, gani inakupendeza zaidi?" Nikaangalia shimo lako la nne, nikaona umelisawazisha lote na kuweka bwawa zuri katikati ya mteremko. Nikakuambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa. Ilikuwa hofu, na tangu jana haijaniachia.

Sasa kaa, kunywa chai yako, na hiyo simu igeuze chini. Siku ya lundi, yaani Jumatatu, unakwenda kuwaonyesha wakubwa wako mchoro huo, na mimi sitaki uende kabla hujanisikia.

Wewe unanijua kama mama anayegombana sokoni na wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Lakini enzi za Zaïre nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya ujenzi hapa mjini Bukavu, msichana pekee kati ya wanaume, na nilijiona kweli kweli. Mkurugenzi wetu, Papa Déogratias, alipewa kazi ya kutengeneza upya uwanja huohuo wa gofu ambao Wazungu waliuacha kilimani. Akaniambia niulinganishe na uwanja mwingine, wa kampuni moja kule bondeni Ruzizi, karibu na Sange, ambao wachezaji wote walikuwa wakiusifu. Nilitakiwa kupima shimo kwa shimo na kusema la kubadilisha. Na katika gofu, unajua, shimo si lile tundu dogo la bendera tu. Ni njia nzima, tangu unapopiga mpira wa kwanza mpaka unapouingiza.

Basi shimo la nne la Sange lilikuwa raha tupu. Njia pana, imenyooka, bwawa upande wa kulia, mchanga mweupe mbele ya bendera. Ukipiga mpira vizuri, unakwenda ulikoutuma. Shimo la nne la kwetu lilikuwa mateso. Lilianzia kileleni, likateremka kuelekea ziwa, na njiani lilikatwa na mifereji mirefu iliyopita kilima kwa upana, kila mmoja na majani marefu ukingoni. Mpira ulikuwa unadunda vizuri, halafu unazama humo. Wachezaji wa Bukavu walikuwa na desturi yao: mpira ukiingia mferejini, unautoa kwa mkono, unauweka nyuma ya majani, unapiga tena, na hakuna anayekuhesabia kosa. Wageni walicheka desturi hiyo. Mimi pia nilicheka. Nilisema ni uwanja gani huu unaomlipa fidia mchezaji kwa ubaya wake wenyewe?

Lakini kucheka kwangu kulikuwa na kitu chini yake, na hicho ndicho ninachotaka ukisikie. Ile mifereji ilichimbwa na babu yangu na wenzake. Enzi za Wabelgiji walikusanywa kwa nguvu, wakapewa majembe, na aliyechelewa alichapwa. Kila kilima cha huku kilichimbwa hivyo, kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Uhuru ulipofika, watu wengi waliifukia mifereji ya mashambani mwao huku wakiimba, na nani angewalaumu? Nilikua nikiona alama mgongoni kwa babu. Kwa hiyo nilipopewa kalamu na nafasi ya kusema la kubadilisha, moyo wangu ulifurahi kuliko akili yangu. Nikamwambia Papa Déogratias: shimo la nne lisawazishwe lifanane na la Sange, mifereji ifukiwe yote. Akaniambia, "Très bien, mademoiselle, kwanza tuanze kufukia hiyo ya shimo la nne, wewe wende umalizie vipimo kule Sange."

Jumapili, kabla ya kusafiri, nilikula kwa shangazi yangu Nsimire, dada ya baba, aliyenilea baada ya mama kufa. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya kile kilima, nyuma ya uzio wa gofu. Alinipikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, akanifungia mahindi ya njiani. Mfuko wangu ulikuwa miguuni, na ndani yake mchoro. Sikumwambia neno. Niliona ni mambo ya ofisi, na shangazi yangu angehusika vipi na gofu?

Jumanne nilikuwa Sange na kamba yangu ya kupimia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na pale shimo la nne maji yalikuwa yametulia tu juu ya majani, hayana haraka, yanangoja jua. Nilisimama nikayaangalia, nikijiuliza kwa nini hayaondoki. Jibu lilikuwa la mtoto wa shule ya msingi: yaende wapi? Pale ni tambarare. Halafu nikaanza kuwaza maji ya kwetu, yale ya kilimani, nayo huwa yanakwenda wapi. Mwanangu, bila mifereji yangeshuka moja kwa moja mpaka kwa shangazi Nsimire. Nilikuwa nimelinganisha upana, urefu, mchanga, mabwawa. Mteremko sikuulinganisha, wala sikujiuliza nani anaishi mwisho wake.

Nilikunja kamba bila kumaliza, nikapanda gari la mizigo lililokuwa likienda Bukavu, juu ya magunia ya muhogo. Tulipoanza kupanda milima ya Ngomo niliona mbingu ya upande wa Bukavu imekuwa nyeusi. Dereva alikuwa anakwenda polepole kwa sababu ya utelezi, na mimi nilikuwa nagonga paa la gari nikimpigia kelele aongeze mwendo. Akatoa kichwa nje: "Maman, unataka tufike ao unataka tufe?" Nikaacha kugonga. Nilisali rozari kwa vidole, nikisahau nilipofikia na kuanza upya. Simu hazikuwepo. Sikuwa na njia yoyote ya kumwambia mtu yeyote atoke ndani.

Nilifika mvua ikiwa imeshika. Nilishuka mbio mpaka kwa shangazi, nikakuta mlango wazi na nyumba tupu. Niliita, nikaita tena. Maji mekundu yalikuwa yanapita uani, na ukuta mmoja wa jiko la nje ulikuwa umelala chini, masufuria ndani ya matope. Nilidhani ndiyo basi. Mpaka leo sijui ni kitu gani kilichonifanya niangalie juu badala ya kuanza kufukua pale kwa mikono.

Juu, ndani ya uzio wa gofu, niliona kitenge chake. Shangazi Nsimire alikuwa katikati ya shimo la nne na wanawake wa mtaani kwake, majembe mikononi, wanaufumua ule mfereji ambao wafanyakazi wetu walikuwa wameujaza udongo mlaini. Nilipanda nikianguka. Hakuniuliza nimetoka wapi.

"Ni weye njo ulisema bafukie?" aliniuliza.

"Ni mimi, shangazi."

"Siku ya Dimanche ulikuya, ulikula kwangu, ukalamba na vidole. Juu ya nini haukuniambia?"

Nikasema nilitaka kufuta mambo waliyomfanyia babu. Hapo ndipo alipokasirika, na sikumwona hivyo tena mpaka alipokufa.

"Papa yangu, babu yako, alipigwa fimbo juu ya hii mufereji, iko kweli. Ule mwenye alimupiga, Mungu atamuhukumu. Lakini papa alikuya kujenga wapi? Si hapa chini? Alijua alichimba nini. Hauoni weye umemutumikisha tena? Umemufanya achimbe bure!"

Halafu akanitupia jembe. Nikavua viatu vya ofisi nikachimba pamoja nao, nikilia wazi wazi, na hakuna aliyenibembeleza. Mfereji ulipofunguka, maji yaligeuka yakafuata kilima kwa upana mpaka kwenye korongo la mawe, kama yalivyozoea. Nyumba zilisimama. Jiko lilikwenda lote, na matope yaliingia kwa jirani yake mpaka juu ya kitanda, lakini watu wote tuliwakuta wazima. Kesho yake nilikwenda kwa Papa Déogratias na matope kwenye sketi, nikamwambia mifereji irudishwe yote. Alinung'unika, akakubali. Wachezaji wakaendelea kutoa mipira kwa mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kufufua gofu. Fufua, pendezesha, wageni waje wacheke desturi zetu. Lakini lile bwawa litoe pale, na mifereji uiache. Leo chini ya kile kilima nyumba zimebanana mpaka ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na ukiongeza maji juu yao, hakuna shangazi atakayewahi na jembe. Unapolinganisha vitu viwili, usiangalie tu kipi kizuri. Angalia kila kimoja kimekaa wapi na kinamlinda nani. Hata kile kilicholetwa na mtu mbaya, kwa fimbo, kiulizie kazi yake kabla hujakifukia. Na uwaambie watu jambo linalowahusu ukiwa bado unakula kwenye sahani yao.

Kesho baada ya misa, kabla ya hiyo lundi yako, tutashuka wote wawili mpaka chini. Magoti yangu yanauma, utanishika mkono. Utagonga milango, utawaonyesha mchoro, na utanyamaza wakuambie.

Mimi ni miaka mingi sasa, mvua ikianza tu, nakaa kitandani na viatu miguuni, tayari kukimbia. Mungu akubariki kwa kitu kimoja tu, mwanangu: mvua inyeshe, na wewe ulale.