Kubadilishwa kwa Senta Fowadi Aliyenuna

Kapteni wetu alikuwa na sauti mbili: moja ya kusemea mpira, nyingine ya kusemea mambo mengine yote ya duniani. Ile ya mpira ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi. Alasiri ile, tumekaa barazani kwetu Maskati kama kawaida, aliitoa ile ya mpira.

"Senta fowadi wa Matrah kanuna," alisema. "Hachezi, anasimama tu kama nguzo. Wenyewe washamchoka. Mie nnasema tumchukue."

Matrah ni mji wa jirani, nyuma ya mlima, na hapana aliyeuliza senta fowadi gani. Huyo alikwisha kunifunga mimi, golikipa wa timu, mara nyingi hata nilikuwa nakijua kisigino chake kuliko uso wake.

"Mtu aliyenuna huko atanuna na hapa," alisema ful beki wetu, ambaye hakupata kukubaliana na mtu hata kwamba jua limekuchwa. "Kununa si viatu, yakhe, useme atavivua mlangoni."

"Huko hapana aliyembembeleza. Sie tutambembeleza."

Hapo ful beki alishindwa. Sisi tuliotoka Unguja, kila aliyesusa tunaijua dawa yake. Mtoto akisusa chakula, mashangazi humzunguka kama anaozwa. Na bibi harusi asiposusa kidogo, watu husema huyu alikuwa na haraka zake.

"Na wao wanataka nini?" niliuliza.

Kapteni alitazama vidole vyake vya miguu. "Wanataka kipa."

Nikasema wanichukue pamoja na mama, maana mimi peke yangu sijui kupika. Wote wakacheka. Nikangoja kicheko kiishe ili mmoja wao aseme haiwezekani. Kicheko kikaisha. Kukapita mbuzi, kukapita mtu na mtungi. Mwisho ful beki akasema, "Lakini awe anarudi kila jioni, kabla mlango wa mji haujafungwa." Hiyo ndiyo ilikuwa huruma yao yote.

"Wamekutoa, mwanangu?" mama aliniuliza.

"Wamenibadilisha, mama."

"Kama kanga iliyochuja?"

"Iliyochuja wameichukua wao kina kapteni. Mimi ndiye mpya."

Alinitazama kidogo kuliko nilivyopenda, akarudi jikoni.

Basi ikawa kila nikitoka skuli, nikishasali alasiri, napanda njia ya mlimani kwenda Matrah peke yangu. Timu yangu mpya walikuwa vijana wema, na huo ndio ulikuwa ubaya wao. Mtu mbaya unaweza kumtania. Tena Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nikitaka kumwambia beki ausogeze mpira, ilinitoka sauti ya mtu anayewahimiza waja watubu.

Siku ya kwanza niliwatolea mzaha wangu bora, ule uliowahi kumfanya mwalimu atoke darasani akachekee uani. Niliuhamisha kutoka Kiswahili kwenda Kiarabu kama mtu anayepitisha kabati kwenye mlango mdogo: nikaulaza ubavu, nikauinamisha, nikaung'oa miguu. Ulipofika upande wa pili zilikuwa mbao tu. Kijana mmoja, aliyekuwa akicheza wingi wa kushoto, akaniuliza kwa upole, "Kisha?" Nikamwambia basi, ndio mwisho. Akainamisha kichwa kama aliyepewa khabari ya msiba.

Tangu hapo nikanyamaza, nikadaka. Golini, mtu asiyesema hana kazi nyingine ila kudaka.

Jioni nikirudi barazani nawakuta wenzangu wanasimulia mchezo nisiokuwamo. Walicheka kabla sijaambiwa cha kuchekwa, na mimi nikacheka nyuma yao, kama mtu anayeitikia amina kwa dua asiyoisikia. Nilipotaka kutia neno, walinieleza kwanza nani alikuwa wapi, na kufikia hapo neno lilikuwa limekwisha kupoa.

Senta fowadi nilikuwa nakutana naye njiani mlimani, yeye akishuka kwetu, mimi nikishuka kwao. Tulitoleana salamu tukapishana. Nilijua anakwenda kubembelezwa. Wenzangu walimpa halua, wakampa kahawa, wakamkalisha kwenye mkeka wa kapteni, wakamsifu kwa Kiswahili kitamu asichokijua hata neno. Alikula halua kwa adabu, akanawa, akaenda uwanjani kusimama kama nguzo.

Yule wingi wa kushoto ndiye aliyenieleza kwa nini senta fowadi kanuna. Kumbe hakugombana na mtu. Kaka yake, waliyekuwa wakicheza pamoja, alikwenda Bahrain kutafuta kazi. Kaka alikuwa akimpa mpira bila kumtazama. "Sasa huyu anakimbia mpaka pale mpira ulipokuwa ukimfikia," alisema, "na mpira haufiki."

Nilitafuta mzaha wa kutia hapo, sikuupata. Na huko barazani hapana aliyeniuliza khabari za Matrah.

Kisha timu mbili zikakutana, kwenye mchanga wa bondeni nyuma ya Matrah. Wenzangu wa zamani walipigiana kelele kwa Kiswahili, "Kulia, kulia, mvizie," na mimi nikawa nasikia kila wanalopanga, nikiungoja mpira kulia. Tuliwafunga. Senta fowadi hakunipigia hata shuti moja.

Ulipokwisha mchezo, kapteni wetu alimwendea kapteni wa Matrah, akaanza kwa Kiarabu, akakwama kwenye neno la pili, akanipungia mkono.

"Mwambie turudishiane. Wao wachukue nguzo yao, watupe kipa wetu."

Aliposema "wetu" sikungoja aseme mara ya pili. Nikayapeleka maneno yale kwa Kiarabu nikiyapaka asali, nikaongeza na dua. Kapteni wa Matrah alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu tatu nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu taratibu akinitazama mimi, si kapteni wetu aliyeuliza.

"Anasemaje?" wenzangu walikuwa washanizunguka.

Ningeweza kusema lolote. Lakini wingi wa kushoto alikuwa pale karibu, ananitazama kwa ule wema wake.

"Anasema hatoi."

"Kwa nini?"

"Anasema makipa wazuri wapo wengi. Anasema huyu..." Nikajipangusa mchanga wa magotini. "Anasema huyu ni mtulivu. Hana maneno mengi. Timu yake ilikuwa na fujo, tangu nije imetulia."

Walitazamana. Ful beki akakaa kitako mchangani. Kapteni wetu alijishika ubavu, machozi yakimtoka, akasema, "Mwambie arudie. Yakhe, nakuomba, mwambie arudie." Hapana siku niliyowahi kuwachekesha hivyo, wala mzaha wenyewe sikuutunga mimi. Nikacheka nao, kwa wakati wake hasa, si nyuma yao. Vijana wa Matrah wakanishangaa. Walikuwa hawajapata kuyaona meno yangu.

"Mtulivu," wenzangu wa Maskati walikuwa wakiambiana wakirudi, njia nzima ya mlimani, sauti zikipungua.

Mimi nilikuwa bado bondeni. Kapteni wa Matrah alinishika bega, akaniambia kesho nisichelewe.

"Naam," nikamwambia.

Akawageukia wenzake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.