Mjalidi Aliyefumua Riwaya

Saa tisa alasiri, chumba cha nyuma cha maktaba kinanuka gundi. Mjalidi vitabu, ambaye wasomaji wote humwita Babu Gundi, anapanga vipande vya riwaya mezani na kuvipanga upya. Kipande cha mwisho hakipo.

Leo kikundi chake cha wasomaji kinafanya mkutano wa mwezi, na mkuu wa maktaba ametuma neno kwamba atahudhuria.

"Akikuta kitabu kina pengo, kikundi kimekwisha," anasema, macho mlangoni. "Na mimi sijui kama nitabaki."

Hofu hiyo ina msingi. Maktaba ina nakala moja tu ya kila riwaya. Zamani wasomaji walipokezana. Siku ya mkutano ikifika, wa kwanza ameshasahau na wa mwisho hajafungua. Ndipo Babu Gundi akafanya jambo ambalo hakuliombea ruhusa. Alikata uzi wa kitabu, akakigawa vipande, akampa kila mmoja chake asome na kuja kuwasimulia wenzake. Mkutano ukiisha, hukishona upya na kukirudisha rafuni. Ndivyo wanavyosoma hadi leo, na safari hii wamechagua riwaya nene ya ndugu wanaogombea nyumba ya baba yao.

"Kufumua si kuharibu," anasema kwa ukali. "Kuharibu ni kukiacha kitabu kife kabatini."

"Kaa chini, Babu," anamtania muuguzi mstaafu, mwanachama wa siku nyingi. "Presha ikikupanda, nani atatushonea?"

"Mwenzako naungua, wewe unacheka!"

Mlango unafunguka. Anaingia mama mshona nguo, mwanachama mpya wa kikundi, akihema, kipande cha mwisho kifuani. Nyuma yake amesimama mkuu wa maktaba.

"Samahani, Babu. Niliona uzi umefumuka, nikasema maskini, macho ya mzee wa watu yamechoka. Nikakipitisha kwenye cherehani."

Babu Gundi anakipokea kwa mikono miwili. Mshono umenyooka kama wa kola ya shati. Lakini matundu yamesongamana mno, na karatasi imeanza kuachana kando ya uzi.

"Na uzi wa mwanzo aliufumua nani?" anauliza mkuu.

Muuguzi anafungua kinywa. Babu Gundi anamzuia kwa kiganja.

"Mimi, mama. Na si mara ya kwanza."

Mkuu anashika kipande kimoja kimoja. Hatabasamu.

"Kabla ya mkutano ujao, kitabu hiki kiwe rafuni, kizima. La sivyo nitachukua ufunguo wa chumba hiki. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Mshona nguo anasimulia mwisho wa riwaya, kwa kuwa ndiye pekee aliyeusoma. Mkuu hakai kitini. Haondoki pia, mpaka ndugu wa mwisho hadithini akabidhi funguo za nyumba.

Wasomaji wakishatawanyika, Babu Gundi anakata mshono wa cherehani kwa wembe, tundu kwa tundu, kisha anabandika ukanda wa karatasi nyembamba juu ya jeraha. Anazuia pumzi. Akiuvuta ukanda kidogo tu, ukurasa utamtoka mkononi.

"Mwezi ujao wanataka nene kuliko hii," anajisemea bila kuinua kichwa. "Safari hii nitaomba ruhusa kwanza, tena mbele yao wote. Na mkuu naye nitampa kipande chake asome."

Anaugusa ukanda kwa ncha ya kidole. Gundi bado mbichi.

"Huu ukishika."