Sauti Tuliyoifuata Bunda

Nina hasira, na mtu mwenye hasira hana muda wa kutunga. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, sina homa wala sijaonja pombe. Watu wanadhani mambo ya namna hii yanasubiri giza. Hayasubiri. Ukitaka usiamini, shauri yako, lakini kama kuna kanda ya zamani ndani ya nyumba yenu, nisikilize mpaka mwisho.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Sura yake naijua kwa picha, sauti sikuwahi kuijua. Nikimuuliza baba, "Sauti yake ilikuwaje?" ananijibu, "Ilikuwa sauti." Basi. Ndiye baba yangu huyo. Kitu pekee kilichobaki ni kanda moja ya video, zile kubwa za kuingiza kwenye deki, ya siku niliyobatizwa kule kwetu Butiama. Miaka yote ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, ikaota ukungu mweupe.

Mwaka jana niliichukua nikampelekea fundi mmoja hapa Musoma ninapoishi, aihamishie kwenye flashi. Siwezi kumsema vibaya, aliusafisha ule ukungu na picha ikatoka safi. Nikamwona mama. Gauni la njano, kanipakata, anaongea na kucheka. Lakini anafungua mdomo, inatoka besi ya mwanaume! Kwaya. Wapiga picha wa zamani walikuwaga na hiyo tabia, wakimaliza kurekodi sherehe wanabandika kwaya juu ya sauti za watu, eti inapendeza. Na kile kipande kidogo cha mwanzo ambacho hakikubandikwa, sauti ilikuwa inakimbia mbele ya picha, unasikia makofi kabla mikono haijagusana. Nililia pale dukani. Si kwa huzuni. Kwa hasira.

"Dada, usilie," yule fundi akaniambia. "Chini ya kwaya ile sauti ya kwanza huwa inabakiaga. Ila inataka deki maalumu, mimi sina. Nasikia kuna jamaa Bunda anayo."

"Unamjua?"

"Simjui. Wateja ndio wanamtaja."

Nilienda na binti yangu. Wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu, anaongea kama redio. Baba yake alienda Buhemba kutafuta dhahabu na mpaka leo anaitafuta, tumwache. Mtoto anaitwa Nyangeta, jina la mama yangu. Na kwetu mtoto akipewa jina la marehemu hatusemi amemrithi. Tunasema amerudi. Ndiyo maana mwanangu mimi namwita "mama," na baba yangu anamwita "mke wangu." Kila akimwita hivyo, mtoto anamjibu, "Siolewi!" na ukoo mzima unacheka.

Chumba cha huyo mtu wa Bunda kiko nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta kijana mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. "Karibu, mama," akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, nzito, imechoka, haina undugu na ile sura. Nikamtilia mashaka palepale. Hakuuliza nimetoka wapi. Aliipokea kanda bila hata kufungua kifuniko kuangalia utepe, fundi gani huyo? Halafu mdomo wake. Sijui nikuelezeje. Maneno yalikuwa yananifikia kabla mdomo haujafunguka. Nikajiambia ni kelele za mashine, masikio yananichezea.

Mara mashine ya kusaga ikazimwa. Kimya. Ndipo akasema, "Sauti na picha vimeachana muda mrefu." Niamini mimi, niliyasikia maneno yote sita, mpaka la mwisho, midomo yake imebana kabisa. Yalipokwisha ndipo mdomo ukafunguka, ukayatafuna maneno yaleyale bila sauti.

Utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Na mimi nakuuliza, mama yako akiwa ndani ya ile deki, wewe ungekimbia?

Aliiweka kanda, akasikiliza kwa hedifoni, akatikisa kichwa. "Huku chini kumeliwa na ukungu. Sauti imebaki vipande vipande." Kisha akamtazama mwanangu, aliyekuwa ananiimbia wimbo wa kuku. "Jina la marehemu analo nani?"

"Huyu hapa."

"Ana jina lake tu, au ni yeye?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa kwetu? Nilikasirika. Nilimwona anaidharau mila yetu, anamfanya mwanangu kama kachukua jina la kuokota. Nikamjibu kwa ukali, "Ni yeye. Huyu ndiye mama yangu."

Hapo ndipo nilipokosea. Mdomo wangu huu.

"Basi sauti ipo," akasema. Akamvisha mtoto hedifoni, na mimi nikaruhusu, kwa sababu mtoto mwenyewe alizifurahia, akacheka, akaendelea na wimbo wake wa kuku. Akaimba. Akaimba taratibu. Akanyamaza. Nilidhani usingizi umemchukua. Yule mtu akachomoa flashi, akanikabidhi pamoja na kanda yangu. "Sasa vimekutana," akasema, na safari hii mdomo na sauti vilitoka pamoja.

Nikapanda gari moja kwa moja kwenda Butiama kwa baba. Mtoto alilala njia nzima. Tulipofika hakusema kitu. Nikampima homa kwa kiganja, hana. Nikampa uji, akanywa. Kesho yake asubuhi, Jumapili, baba akamwita kama kawaida, "Mke wangu, umekuja?" Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Hakikutoka kitu.

"Leo mke amenuna," baba akasema.

"Labda umemchosha na ndoa zako," shangazi yangu, dada yake baba, akamjibu. Tukacheka. Mungu nisamehe, tulicheka.

Baada ya misa tukakaa sebuleni sisi wanne, baba kwenye kiti, shangazi na mtoto kwenye mkeka, mimi nimeshika rimoti. Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Gauni la njano likatokea. Na mama yangu akasema:

"Wewe mpiga picha, umekula? Njoo ule kwanza, hiyo kamera haishibi!"

Safi. Kila neno limekaa kwenye mdomo wake kama alivyolisema siku ile. Baba akasimama, akavua kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Ni yeye," akasema. Kisha mama akaniinamia mimi kichanga, akanitaja jina, akacheka, "Mwone anavyokunja uso. Huyu atakuwa mkali!"

Umewahi kusikia jina lako kwa mara ya kwanza ukiwa mtu mzima? Nikarudisha nyuma nisikie tena.

"Huyu mtoto anatafuna nini?" shangazi akauliza.

Nikamgeukia. Nyangeta hakuwa anatafuna. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, na midomo yake inasema kimya kimya: umekula, njoo ule kwanza, haishibi. Sambamba na mama. Haitangulii, haichelewi. Nikasimamisha picha, mdomo wa mtoto ukasimama, umeachama katikati ya neno. Nikaachia, ukaendelea. Nikasimamisha tena.

Shangazi akafanya ishara ya msalaba. "Chomoa! Chomoa hicho kidude!"

"Usichomoe," baba akasema. Hakunitazama. "Acha amalize kuongea."

"Baba, hii sauti ni ya mwanangu!"

"Mtoto atajifunza kuongea tena. Huyu akizimwa harudi."

Sikiliza, mimi namheshimu baba yangu. Alinilea peke yake, hakuoa tena. Lakini siku ile nilimwangalia nikaona mtu anayeweza kumweka mjukuu wake bila sauti maisha yote ili amsikie mkewe akimkaribisha mpiga picha chakula. Na sikumshangaa, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Na mimi nilitaka kumsikia tena. Hata mara moja.

Nilichomoa. Nikatoka nayo nje, nikaiweka juu ya jiwe la kusagia, nikachukua mchi nikaiponda mpaka ikawa unga. Baba alibaki ndani. Nilimsikia akilia kwa sauti, mzee mzima.

Niliporudi mtoto alikuwa palepale kwenye mkeka. Akamtazama babu yake, akafungua mdomo. Kimya. Akaufunga. Kisha, mdomo umeshafungwa, ndipo tukasikia:

"Siolewi!"

Jibu la asubuhi.

Wiki iliyofuata nilirudi Bunda na shangazi, nimejiandaa kumvunja mtu meno. Tulikuta kufuli. Mwendeshaji wa ile mashine ya kusaga akatushangaa. "Mmeongea na yule? Tangu apange hapa hajawahi kumsemesha mtu. Anaandikaga kwenye karatasi." Sasa ile sauti ya mzee niliyosikia ilikuwa ya baba wa nani? Ni ukoo gani ulimwambia, kama mimi, "ni yeye"?

Leo Nyangeta anaongea. Maneno yanakuja nyuma ya mdomo wake, kidogo tu, mtu asiyejua hawezi kugundua. Mwalimu wa chekechea ameniambia mtoto ni mzito. Mwanangu si mzito. Nimemwambia mwalimu asirudie hilo neno mbele yangu.

Ile kanda ilibaki Butiama. Nilimwomba baba aichome, akasema atachoma. Juzi shangazi amenipigia kuniambia kwamba mzee amekuwa akiulizia magari ya Bunda, na sanduku la bati lina kufuli jipya.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hamishia kanda zako, sikukatazi. Lakini mtazame mdomo anayeishika kazi hiyo. Na akikuuliza jina la marehemu analo nani, chukua mzigo wako uondoke, usimwonyeshe mtoto. Acha kwaya iimbe.

Mimi siku hizi mwanangu akinyamaza kwa muda mrefu, siendi kumpima homa. Nachukua simu nampigia baba. Simsalimu hata. Namuuliza, "Baba, unaangalia nini?"