Mashine Iliyonuka Maandazi

Kitu tulichokiogopa ni ukimya. Mashine ya kusaga pale Zagayu ilikuwa ya mjane mmoja aliyenipa kazi ya kuiendesha. Mdogo wa marehemu mumewe alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba mashine ikinguruma itabaki kwa mjane, lakini siku yoyote isiyo Jumapili, saa sita mchana ikifika bila kusikika, atakuja na ng'ombe na mkokoteni kuichukua. Chuma kilicholala, alisema, ni mali ya ukoo. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya bonde, na upepo ulipeleka mlio wa injini mpaka mlangoni pake.

Mjane na mumewe waliinunua mashine ile kwa ng'ombe wa mahari ya binti yao wa kwanza. Mjane hakuwa na kingine. Shamba la pamba lilikuwa limekwishagawanywa na shemeji yake huyo na ndugu zake.

Mimi nilifika pale nikitokea Lamadi, nilikokuwa nabeba magunia ya dagaa. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu lori liliharibika mbele ya darasa letu nami nikataka kuona linavyotengenezwa. Lilipopona nilikuwa juu yake. Injini ya mjane niliipenda tangu siku ya kwanza: ya kizamani, gurudumu zito, ya kuwashwa kwa hendeli.

Mwaka huo vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha redioni, lakini bei ya dizeli haikuwa imepata habari. Tulipobakiwa na robo dumu nikamwachia mjane aiwashe kidogo kila siku kabla ya saa sita, nikapanda baiskeli kwenda Bariadi. Siku hizo hatukuwa na mkoa wetu, tulikuwa bado Shinyanga, na lori la mafuta lilipotoka huko lilipita midomo mingi kabla ya kutufikia. Kituoni nilikuta madumu yamepangwa mstari, yamefungwa kamba moja ili yasiibiwe, na wenyewe wamekaa kivulini ukutani. Mwenye barua ya ofisi ya wilaya alipita mbele bila kutazama mtu.

"Si tuliambiwa sasa biashara ni ruksa?" nikauliza.

"Kununua ni ruksa, ngosha," akajibu dereva mmoja mzee. "Kupata ndiko hakuna ruksa."

Watu wakacheka bila furaha. Mzee yule akaanza kutuhesabia shida za mafuta alizoziona. Ya kwanza alikuwa kijana, ikakatazwa kuendesha gari Jumapili mchana. Harusi zikaenda kanisani kwa miguu. Ya pili viwanda vya kuchambua pamba vilisimama, marobota yakalala nje. "Wakati ule tuliambiwa tufunge mikanda," akasema. "Tukafunga. Sasa wametuambia tuifungue, na suruali zinaanguka."

Nilikaa siku mbili. Lori halikuja. Sabuni za kila rangi zilikuwa madukani, redio mpya, khanga za doti, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivisikia tu kwa waliotoka Kenya. Dizeli hakuna. Asubuhi ya tatu nikafuata harufu mpaka kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mbegu za pamba, maana siwezi kupita penye mashine inayozunguka. Mkamuaji alikuwa mtu wa maneno. Akaniambia kwamba injini yake mwenyewe inakunywa mafuta ya pamba.

"Inakubali?"

"Dizeli ni mafuta, haya ni mafuta. Injini haina dini. Iwashe kwa dizeli kidogo ipate moto, halafu ipe haya."

Nilimuuliza maswali yasiyopungua ishirini ya kuwasha. Sikuuliza hata moja la kuzima. Nikafunga dumu la mafuta ghafi, meusi kama chai iliyolala, nikarudi nalo.

Mjane alifungua kifuniko, akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Haya si ya chapati?"

"Ni ya chapati, mayu. Lakini yatasaga."

"Na yakiua mashine?"

Aliutazama upande wa ng'ambo ya bonde, akafunga kifuniko. "Isiponguruma kesho imekufa vilevile," akasema. "Mimina."

Ilinguruma. Mlio ulikuwa mzito kidogo na moshi ulikuwa mweupe, na kijiji kizima kikanuka maandazi. Watoto walikuja na sahani. Wanawake kwenye foleni wakaulizana, "Leo tunasagiwa au tunakaangiwa?" Hata mjane alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Siku ya pili shemeji yake akaja mwenyewe, akazunguka mashine na fimbo yake, pua juu.

"Dizeli mmepata wapi? Mimi nimeitafuta mpaka Lalago, hakuna."

"Mungu hamtupi mjane, shemeji," akajibiwa.

Katika ile robo dumu ilibaki chupa moja ya dizeli ya kuiwashia asubuhi. Ilitosha siku tatu. Jioni ya tatu niliizima kama kawaida, mafuta ya pamba yakiwa yamejaa ndani. Usiku ule kipupwe kilishuka, baridi ya kuwafanya ng'ombe wasimame wamebanana. Asubuhi ya nne nilishika hendeli, na gurudumu likanikatalia kama limefungwa kamba.

Nilifungua nozeli inayopulizia mafuta. Mafuta yalikuwa yameganda mle kama gundi ya viatu. Nilikwangua kwa sindano, nikachemsha maji ya majivu nikaiosha, nikairudisha, nikazungusha mpaka viganja vikachubuka. Injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Ilihitaji dizeli ya kuisafisha tumbo, nusu dumu tu, na hata mafuta ya taa yalikuwa yamepotea. Watu walikuwa wanakula jioni mapema kabla giza halijaingia.

Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walikuwa wamekalia madebe yao, hakuna aliyetania tena. Katikati yao alikuwa mke wa shemeji yule, na madebe manne ya mahindi. Mumewe alikuwa ameita kundi la vijana wa kuvuna pamba, na kesho yake wangefika. Vijana wa namna hiyo hawalipwi, wanalishwa. Ukiwaita ukawakosesha ugali, wanaondoka wakiwa wanakuimba, na wimbo huo utausikia kila ngoma mpaka uzeeke.

Jua lilifika kichwani. Tuliuona mkokoteni ukishuka bonde, ng'ombe wawili, wanaume watatu, yeye mbele.

Mjane alikwenda akakaa juu ya sementi iliyofungiwa injini, akakunja khanga yake miguuni.

"Shemeji, ondoka hapo," akasema yule bwana. "Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na nani? Mimi nilikuwa nalia msiba."

"Fungueni nati," akawaambia wanaume wake. Mmoja akanitazama nimpe spana. Nikaikalia.

Hapo mkewe akasimama. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na wote tulilazimika kunyamaza ili tumsikie.

"Baba, ukiichukua, unga wa kesho nitasagia wapi?"

"Utasaga kwa jiwe."

"Madebe manne? Kwa vijana thelathini?" Akaonyesha ng'ambo ya bonde kwa kidole. "Dizeli ipo. Chini ya kihenge chetu, kwenye shimo, madumu mawili. Unangoja bei ipande."

Fimbo ya mumewe iliinuka kidogo, ikabaki hapo. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imesimama, na mmoja wa wanaume wake mwenyewe akasema taratibu, bila kumwangalia, "Kaka, kesho hao vijana wanakuja."

Akageuka. "Kalete dumu moja," akamwambia mtu huyo. Kisha kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mashine ya marehemu kaka yangu."

"Wabeja, shemeji," mjane akamshukuru, na hakuna aliyecheka.

Injini iliwaka kabla ya alasiri. Ilitoa moshi mzito, ikatikisika, ikatulia. Ng'ombe waligeuzwa na mkokoteni mtupu. Shemeji hakwenda nao. Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya njia, fimbo kati ya magoti, akimsubiri mkewe.

Zamu ya mkewe ilipofika alimpisha mwanamke wa nyuma yake. Akampisha na wa pili, na wa tatu, akisema, "Tangulia, dada, mimi sina haraka." Nikaelewa: hakutaka kufika nyumbani na fimbo ile. Nikapunguza mafuta ili mashine isage polepole. Mjane aliona, akaja karibu yangu kwa sababu ya kelele.

"Ipunguze tena," akasema.