Kwetu Hayapo Mambo Hayo

Shangazi yetu amefundisha baiolojia miaka thelathini na moja. Wanafunzi wanamwita Mama Maharage kwa sababu ya mkebe anaoingia nao darasani: ndani mna maharage hamsini, arobaini na tisa mekundu, moja jeupe. Nyumbani tulimcheka. Baba mkubwa alipenda kusema mwenzetu kasomea mboga. Leo sicheki, na nikikumbuka kikao kile damu inanichemka.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amejifungua binti mwenye ualbino. Siku ya kumi na moja ukoo ukajaa sebuleni kuamua kama arudishwe kwao. Mama yangu mzazi alikuwa ameshamfungia mabegi. Kaka alikaa karibu na televisheni iliyozimwa, akitazama kucha zake. Kumbeba mwanawe, hakuwa amembeba hata mara moja.

"Kwetu hayapo mambo hayo," akasema baba mkubwa. "Vizazi vitano, hakuna. Kaja nayo huyu." Akamwonyesha kidole wifi, aliyesimama na mtoto mikononi.

Shangazi akagonga mkebe mezani. "Haya, fumba macho. Chukua moja, rudisha, chukua tena."

Baba mkubwa akachukua, kwa dharau. Jekundu. Tena jekundu.

"Umeona? Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kuheshimu ujinga. Mtoto huchukua moja kwa mama, moja kwa baba. Vitabuni huitwa jeni. Jeupe kwa jeupe yakikutana ndipo anazaliwa kama huyu, mara moja katika elfu mbili na mia tano. Lakini mwenye jeupe moja tu haonekani, na hao ni wanne katika kila watu mia! Mnapanga nao foleni, mnaoana nao. Kila kizazi kinarudisha maharage mkebeni, kingine kinachota, na jeupe liko palepale, halipungui wala haliongezeki. Wafukuzeni watoto hawa wote mpaka mchoke: katika kila meupe mia, tisini na nane yamebaki kwa weusi ti kama nyinyi."

"Hujazaa, utajuaje?" akafoka baba mkubwa.

"Sijazaa, ila kuhesabu najua."

Mama akadakia, "Kwa hiyo kwetu kaleta nani?"

"Mwanao analo. Kalipata kwako au kwa marehemu mumeo."

Mama hakufikiri hata kidogo. "Basi ni marehemu."

Watu wakacheka. Walicheka, jamani, na mzazi wa siku kumi na moja kasimama mbele yao kama mshtakiwa! Nilitamani kuwatimua wote, mama yangu akiwa wa kwanza.

Baba mkubwa akakohoa. "Haya, yamekwisha. Mke abaki." Alisema kwa sauti ya mtu aliyemsamehe mwizi.

Hapo ndipo kaka akainuka, akanyoosha mikono apewe mtoto. Wifi hakumpa.

"Siku kumi na moja," akamwambia. "Ulikuwa unangoja maharage yakwambie kama huyu ni mwanao?"

Kisha akamgeukia shangazi. "Kwako kuna nafasi?"

"Ipo, mwanangu. Twende."

Wakatoka, na hakuna aliyethubutu kuwazuia. Kaka akanitazama, mikono bado iko hewani, akingoja nimtetee au nimtukane. Katika siku zote hizo, mimi pia sikuwa nimembeba.