Siku Niliyosema Kukhu Hayupo

Harufu ya unga wa mahindi unaokaangwa juu ya bati, ule wa kutengenezea busaa, pombe yetu ya kienyeji, ndiyo hunirudisha nyumbani kwa Kukhu, nyanya yangu, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ilikuwa Agosti, mwezi wa kutahiri, na mwaka huo ilikuwa zamu ya kaka yangu Wekesa. Kukhu alikuwa mama wa kanisa na hakuonja pombe, lakini alilisimamia bati lile kwa mwiko mrefu, akisema wageni hawapokewi kwa maombi peke yake. Moshi ulijaa uani, unga ukageuka rangi ya udongo, na njuga za Wekesa zikasikika mbali kwenye vijia, akizunguka kuwaalika jamaa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, msichana wa kujificha nyuma ya mlango kila mgeni alipobisha hodi.

Mama hakuwepo. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani pamoja na mwanamke Mfilipino aliyeitwa Luz. Walilala chumba kimoja. Luz alimfundisha mama lugha yake wakipiga pasi, naye mama akanifundisha mimi kila Jumapili alasiri kupitia simu ya Kukhu. Tulianza na vitu na mahali vilipo. Nasa mesa ang susi, ufunguo uko mezani. May pusa sa bubong, kuna paka juu ya paa. Niliipenda lugha ile kwa sababu haikunidai mengi: kitu kipo au hakipo, na kama kipo, kiko wapi. Mama aliuliza, “Nasaan ka?”, uko wapi, nami nikajibu, “Nandito ako”, niko hapa, na kwa dakika hiyo ilikuwa kama kwamba sote tuko hapa. Luz naye alichukua simu akanijaribu. Nilimwita Tita, yaani shangazi. Mbele za watu sikuwa na maneno, lakini katika simu ile nilikuwa nayo.

Khocha, mjomba wangu, hakuacha kunitania. “Wewe Nafula, ati unaongea Kichina?”

“Si Kichina. Ni Kifilipino.”

“Bana! Hata Kiswahili unakatikakatika kama stima tokeni zikiisha, Kifilipino utakiweza?”

Wageni wote walicheka, nami nikarudi nyuma ya mlango.

Kwetu, nyumba yenye kijana wa kutahiriwa hulindwa dhidi ya habari mbaya. Kukhu alikuwa ametuonya mapema: “Neno la ugonjwa au la kifo lisivuke mlango huu mpaka Wekesa asimame. Mtoto akisikia kilio, atatingishika.” Kutetemeka mbele ya kisu si aibu ya kijana tu, hubebwa na ukoo mzima, na watu huikumbuka hata arusini kwake. Nililishika onyo lile jinsi mtoto anavyoshika kikombe cha chai ya moto, kwa vidole vyote.

Simu ililia siku moja kabla ya kisu, saa tisa alasiri, ua umejaa watu. Kukhu alikuwa ameketi kando yangu kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akipumzika kidogo. Alinipa simu kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa la Luz. Luz alikuwa akilia. Alianza kwa Kiingereza cha haraka ambacho sikukishika hata neno. Kisha akanyamaza, akavuta pumzi, akaongea polepole kama tulivyozoea Jumapili. “Nasa ospital ang nanay mo.” Mama yako yuko hospitalini. “May operasyon siya bukas.” Atafanyiwa upasuaji kesho. Halafu akauliza, “Nasaan ang lola mo?” Nyanya yako yuko wapi? Mama alitaka kusikia sauti ya mama yake kabla ya kuingizwa ndani.

Nilielewa kila neno. Laiti nisingeelewa! Kukhu alikuwa hapo, goti lake likigusa goti langu. Nilimtazama Khocha aliyekuwa akinikenulia meno akingoja Kichina changu, nikautazama umati wa wageni, nikasikia njuga za Wekesa zikikaribia. Nikasema, “Wala siya dito.” Hayupo hapa. Nikakata simu.

“Anasemaje?” Kukhu aliuliza.

“Anasema mama yuko kazini.”

“Mungu ambariki,” akasema, akainuka kwenda kugeuza unga.

Asubuhi iliyofuata Wekesa alisimama kama mti, amepakwa tope la mto, kijiji kizima kimemzunguka kwa nyimbo. Hakupepesa jicho. Huenda ilikuwa saa ileile mama alipolala chini ya kisu chake, bila jamaa hata mmoja. Alipona. Baada ya siku nne alipiga mwenyewe kwa sauti nyembamba, na Kukhu alilia hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Lakini hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Jumapili zetu ziliisha hivyo. Mama alipouliza ufunguo uko wapi, nilisema sijui.

Njia ya mwongo ni fupi, wamesema, lakini yangu imekuwa ndefu. Kukhu alifariki miezi michache kabla mama hajarudi. Sasa tunaishi Kitale, mama na mimi, tunauza maziwa yanayotoka Endebess. Sikuendelea na shule baada ya darasa la nane, na ninaandika polepole, siku nyingine neno moja tu. Wekesa ana watoto wake. Luz bado hutuma salamu. Kila tukimkumbuka Kukhu, mama husifu bidii yake, kisha huongeza kwa sauti ya chini, “Lakini siku ile nilimtafuta, akawa ametoka. Sijui alienda wapi na wageni nyumbani.” Hakuwahi kumwuliza Kukhu mwenyewe; ameubeba mshangao huo miaka yote, na mwenye kulaumiwa hana mdomo tena.

Juzi tulikuwa tukipukuchua mahindi akayarudia maneno hayo. Nikamwambia, “Mama, alikuwepo.”

Mikono yake ilisimama. “Wapi?”

“Kando yangu. Kwenye kigoda. Mimi ndiye niliyesema hayupo.”

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na ningeipenda zaidi. Alichukua gunzi lile lile, akaendelea kupukuchua, taratibu, punje moja moja. “Kwenye kile kigoda cha miguu mitatu,” akasema, kama mtu anayekiweka mahali pake. Tukapukuchua pamoja mpaka gunia likajaa.